Kuhusu maneno ya mwisho ya kaka

Louisville, Kentucky

Rafiki yangu mpendwa,

Pole tena kwa msiba, na mama mfikishie pole zangu. Tangu uliponiuliza kwenye simu kaka alisema nini kabla duara, lile shimo la mgodi alimokuwa, halijatitia, swali lako halinitoki. Umewauliza wenzake wote waliokuwa juu, na kila mmoja anakupa neno lake.

Acha nikueleze habari za Floyd Collins, mtafutaji wa mapango aliyenaswa chini ya ardhi kama kaka, kwa kuwa naishi katika jimbo alilofia. Mwaka 1917 aligundua pango zuri sana kwenye shamba la familia yao, Crystal Cave, lakini lilikuwa mbali, watalii wachache tu walifika. Akaanza kutafuta jingine karibu na barabara. Tarehe 30 Januari 1925, akiwa peke yake anatoka ndani ya Sand Cave, jiwe lilimwangukia likamnasa mguu. Lilipokuja kutolewa, uzito wake ulikuwa kama kilo 12. Kilo 12 tu, mwenzangu! Ndoo ya maji tuliyokuwa tukijitwisha utotoni inazidi hapo. Ila njia ilikuwa nyembamba mno, mikono yake imebanwa, na waliomfuata hawakuweza kupenya hadi mguuni.

Mdogo wake, Homer, aliingia kumlisha. Kisha gazeti la Courier-Journal la hapa mjini likamtuma kijana mwandishi, William Miller, mtu mwenye umbo dogo. Naye akaingia mara kadhaa, akitambaa kwenye tope na maji ya baridi, akampelekea chakula, akakaa naye kuzungumza. Mwaka uliofuata alipewa Pulitzer, tuzo kubwa ya waandishi wa habari wa Marekani. Huko nje walikusanyika maelfu ya watu, wengine wakiuza vyakula kama mnadani. Hilo linanikasirisha mpaka leo. Miller ndiye ninayempenda katika habari hii yote, maana alishuka.

Tarehe 4 Februari njia ikaporomoka. Wakachimba shimo jipya kutoka juu, na walipomfikia tarehe 16 walikuta ameshafariki, siku kadhaa nyuma. Kwa hiyo neno lake la mwisho kabisa hakuna aliyelisikia. Yaliyoandikwa ni ya siku zile za mwanzo: maumivu ya mguu, baridi, chakula, sala, na tumaini kwamba watamtoa. Hakutoa wosia wa kukariri. Alizungumza kama mtu anayetaka kurudi nyumbani.

Nadhani kaka naye alikuwa hivyo. Wale vijana wasikuudhi kwa kutofautiana. Wanakuona unavyolia, na kila mmoja anatafuta cha kukupa. Usiwaulize tena, tafadhali. Wao pia wamezika mwenzao.

Uliniambia alikupigia Jumapili, akataka umwangalizie viatu vya shule vya mtoto, vile vigumu visivyoisha haraka, kisha mkacheka kuhusu mama na kuku wake. Hayo umeyasikia kwa masikio yako mwenyewe. Mimi ningeyashika hayo. Yaandike yote kabla hayajafifia, hata la kuku, mtoto aje ayasome akikua.

Viatu nitanunua mimi. Nitumie namba ya mguu wake wiki hii, kabla shule hazijafunguliwa. Fedha ya arobaini nimeshamtumia mama, akiipata unijulishe.

Wako akupendaye daima.