Mpwa wangu, Inkishafi sio guni

Mpwa, ile voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza nikacheka, ya pili nikakereka kidogo. Eti umekaa na Inkishafi, lile shairi la kale la Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, umehesabu mizani, yaani silabi za kila mshororo, kwa vidole, 16 haifiki, basi ukaamua ni guni, shairi lenye kasoro. Guni! Mzee wa watu anaulilia mji wa Pate ulivyobomoka, leo we unamkata maksi.

Najua hiyo 16 umeitoa wapi, shuleni wamekukaririsha 8 kwa 8 utadhani nje ya hapo hakuna ushairi. Sa chukua ubeti huu, usiusome kwa macho, utoe sauti, hata kama uko kwenye daladala, watakuzoea:

Nyumba zao mbake ziwele tame
makinda ya popo iyu wengeme
husikii hisi wala ukeme
zitanda matandu walitandiye

Hesabu tena. Kila mshororo 11, na pumzi inakatika palepale baada ya silabi ya 6: nyumba zao mbake, pumua, ziwele tame. Sita kwa tano. Kuna sehemu nyingine utapata 10, usianze kushangilia, hiyo kitu ilikuwa inaghaniwa na mghani anajua pa kuvuta.

Vina rahisi, me me me halafu ye, na hiyo ye ndo bahari, kina cha mwisho kisichobadilika, kila ubeti unakuja kumwagikia humo kama kwenye tenzi. We ukasema ni pambo tu. Hapo ndo tunagombana, maana ziwele kwa Kiamu, Kiswahili cha Lamu, ni zimekuwa, wengeme ni wamening'inia, walitandiye ni wametanda, yaani ubeti mzima umejaa vitenzi vya jambo lililokwisha na likabaki hivyohivyo, na huo mwisho wa -iye ndo unaobeba kina cha bahari. Mshairi hakulazimisha neno liingie kwenye kina, sarufi ya kwao ilishamwandalia. Af rudi kule mwanzo anapoukaripia moyo wake, "ndia za tatasi huzandamaye?", ye ileile, ila pale ni je, swali, kwamba njia za tabu unaziandamaje. Kina kimoja, mwanzo kinauliza, mbele kinakuonyesha nyumba zimeshakuwa mahame. Mi nilikaa miaka nasoma hii kitu bila kuliona hilo, kwa hiyo sikucheki sana.

Na huo mshororo wa nne, yesu na maria: zitanda, matandu, walitandiye. Tanda, tandu, tandi, mara tatu ndani ya silabi 11! Kitanda cha watu waliokuwa wakilala kwa raha kinatoka mdomoni mwako kimeshazongwa na utando, hujamaliza hata kukitaja. Ungemfundisha mtu takriri, huko kurudiarudia, kwa mfano gani mwingine?

Kuhusu lahaja unayolalamikia, mbona nyepesi, zi- ya zitanda ni vi- yetu, ndia ni njia, iyu ni juu, ukishashika hayo matatu umevuka nusu.

Sa nenda ubeti unaofuata, ule wa madaka ya nyumba ya zisahani, vile vishubaka vya ukutani vya kuwekea sahani, utakuta mshororo wa pili "sasa walaliye wana wa nyuni", yaani sasa wamelala humo makinda ya ndege. Ile -iye imewahi, haikungoja mwisho, imekaa kwenye silabi ya 6 palepale pa kupumulia. Nirekodie ukiusoma, nisikie kama utasimama hapo au utapapita mbio.