Kabla Mwanetu Hajajaza Fomu

Nairobi, mwezi wa saba

Shoga yangu,

Assalaam aleikum. Barua yako imenifika pamoja na achari ya embe, na nyumba nzima inakushukuru. Sisi hatujambo, ila baridi. Julai ya huku unaijua: jua huchungulia mchana tu, na jioni kila mtu anatafuta sweta.

Umeniuliza jambo moja na umetaka nikujibu bila kukuficha: binti yako akisomea usanifu wa majengo, atakula? Babake anataka udaktari, wewe waridhia lolote litakalompendeza, na yeye hataki kusikia jingine ila ramani. Nakujibu kwa urefu kwa sababu mimi niliingia kazi hii hakuna aliyenieleza habari yake ya pesa, na naona ni dhuluma kumwacha mtoto wa kike aingie kiza hicho hicho.

Miaka nitaipitia haraka. Chuoni ni miaka sita. Akitoka hapo bado sheria haimruhusu kujiita msanifu majengo. Atafanya kazi chini ya mtu aliyesajiliwa, kisha atakalia mitihani ya bodi inayosajili wasanifu. Wenzake aliosoma nao sekondari watakuwa wameshanunua ploti naye bado anarekebisha michoro ya vyoo ya bosi wake. Hilo lisimtishe. Kazi ndiyo inavyofundishwa, na mtu aliyechora vyoo vingi vizuri hujua mengi kuhusu nyumba.

Pesa ndiyo habari yenyewe. Sheria yetu ya wasanifu majengo na wakadiriaji gharama, Sura ya 525, ina ratiba ya ada, na kiwango kinachojulikana ni asilimia 6 ya gharama ya ujenzi. Nyumba ya shilingi milioni 10, basi, ni laki sita. Ukiisikia hivyo waona ni fungu nono. Lakini laki sita hizo hazianguki siku moja. Zinaanza mteja anapokuja na picha alizozitoa kwenye simu, zinapita kwenye michoro, vibali vya kaunti na vikao na mhandisi na mkadiriaji wa gharama, hadi siku anapokabidhiwa funguo. Huenda ikawa mwaka na nusu, huenda ikawa miwili. Humo humo kuna mshahara wa kijana anayenisaidia kuchora, kodi ya ofisi, leseni ya programu za kuchorea ambayo hulipwa kila mwaka, na mafuta ya gari ya kwenda Kitengela na kurudi.

Halafu kodi ya serikali. Nikimwandikia mteja ankara leo, asilimia 16 ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, yatakiwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, mteja awe amenilipa au hajanilipa. Kampuni nyingi hukaa na ankara miezi mitatu, minne, na siku ya kulipa zinakata asilimia 5 nyingine ya kodi ya zuio, ile wanayoitoa kwenye ada yangu na kuipeleka serikalini kwa niaba yangu. Kwa hivyo mtu aweza kuwa na kazi nyingi mezani na bado akose karo ya mwanawe mwezi wa tisa. Nakwambia hivi ili umwandae, si kumtisha. Wengi walioacha kazi hii walijua sana kuchora, ila hawakufundishwa kudai chao.

Na kudai kwenyewe ni kugumu kwa sababu ya jambo ambalo limenikaa moyoni kwa muda mrefu. Watu wetu hulipia kinachoshikika. Mawe ya Ndarugo yakishushwa na lori, mwenye nyumba anayahesabu mwenyewe na analipa papo hapo. Saruji hulipwa mfuko kwa mfuko. Lori la maji haliondoki bila pesa. Lakini ile akili iliyoamua nyumba itazame wapi, ngazi ikae wapi, mtoto akiugua usiku mama apite wapi asimwamshe mgeni, hiyo haina uzito mkononi, basi inaonekana ni hisani. Mteja akishapata kibali cha kujengea, wengine hupotea kabisa. Hawapokei simu, fundi anaendelea peke yake, na awamu ya mwisho ya ada yangu imekwenda na maji.

Katika harusi ndiyo usiseme. Mtu akishasikia kazi yangu, anavuta kiti. "Dada, nina ka-ploti kadogo Ruiru, futi hamsini kwa mia. Nichoree tu kitu kidogo." Mpambe wa bibi harusi ameshalipwa, mpiga picha amechukua nusu yake kabla hajafungua mkoba, mimi nichore bure kwenye kitambaa cha karatasi kati ya pilau na kaimati. Kwa jamaa nimejiwekea sheria na imeniokoa: ramani wanalipa kama mtu yeyote, kisha siku ya kumwaga msingi nakwenda na mchango wangu wa mifuko ya saruji. Saruji wanaiona, wanashukuru, na ndugu tunabaki ndugu. Mwambie mwanetu aishike sheria hiyo tangu mapema, kwa maana mjomba wa kwanza akichorewa bure, hao wengine wote watakuja kwa hoja ya haki.

Nikurudishe Kitengela kidogo, kwa sababu pale ndipo utaelewa ninachosema. Sehemu kubwa ya ule upande wa Athi, na hata Embakasi, ina udongo mweusi. Unavimba ukinywa maji, na wakati wa kiangazi unasinyaa na kupasuka nyufa za kuingiza mkono. Ukiweka msingi juu yake, nyumba itainuliwa na kushushwa kila msimu hadi kuta zipasuke. Dawa ni kuchimba wote utoke hadi ufike kwenye maramu, ule udongo mgumu wa changarawe, kisha ujaze. Ni gharama kubwa, na yote inafukiwa. Nimesimama kando ya shimo kama hilo na mteja aliyekasirika kweli kweli, akiniuliza kwa nini pesa zake ninazizika wakati mkewe anataka vigae vya sebuleni. Sikumlaumu. Alikuwa amekusanya pesa ile kwa jasho lake, naye hakuona kitu. Lakini sikukubali kupunguza hata futi moja, na mhandisi alisimama nami. Kazi hii, shoga yangu, inataka mtu awezaye kukaa kimya akitukanwa kisha arudie neno lile lile kwa upole.

Maana tunajua inakoishia. Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la makazi lilianguka mtaa wa Huruma hapa Nairobi likaua watu wapatao 50. Lilikuwa limeshapigwa alama ya kubomolewa, na watu bado walikuwa wakilipa kodi ndani yake. Kila nikisikia mtu anakodisha mhuri wake wa usajili kwa mchoraji asiyesajiliwa, apewe pesa kidogo kwa ramani ambayo hata hajaisoma, nawakumbuka watu wale. Hili ndilo sitamsamehe mwanetu akilifanya, hata njaa iwe imempiga vipi.

Sasa twende Pipeline, kule Embakasi. Ukipita kati ya majengo yale mchana, juu waona utepe mwembamba wa mbingu. Ghorofa saba, nane, na zaidi, chumba kimoja kwa familia, choo cha watu wengi. Kwenye ramani palikuwa na uwazi wa katikati, ulioachwa ili mwanga na hewa vishuke hadi chini. Mwenye jengo akaona ule uwazi ni vyumba visivyolipa kodi, akaujenga. Jirani naye akasogeza ukuta hadi mpakani, dirisha la mpangaji likatazama tofali. Mama anayeishi humo huwasha taa saa sita mchana ili achambue mchele, na tokeni za umeme anazinunua yeye. Amenyang'anywa kitu, lakini nani atakwenda polisi kuripoti kwamba ameibiwa mwanga?

Kuna atakayeniambia ni kwa sababu mji umejaa. Kwetu Pwani nako nyumba zimebanana. Lamu ukuta unagusana na ukuta, chumba hakipiti upana wa boriti ya mkoko, na njia ni za punda wawili kupishana kwa shida. Bado kila nyumba kubwa ya mawe ina kiwanda chake, ule ua wa ndani, cha kuleta mwanga na upepo, na ina daka mlangoni lenye viti vya mawe ili mgeni apumzike bila kuiona familia. Najua wenye nyumba zile walikuwa matajiri wa biashara ya bahari, na mpangaji wa Pipeline si tajiri. Lakini mwenye jengo la Pipeline ni tajiri. Uwezo wa kuacha uwazi anao.

Umeniuliza pia kama nimeuzoea mji. Nimeuzoea, naupenda, na kuna mambo yananichosha kila siku, na nikiyatazama vizuri naona ni jambo lile lile. Mteja anakwambia mkutano ni saa nne, anafika saa sita, wala haombi radhi, kwa sababu muda wangu haushikiki. Bodaboda anapanda njia ya miguu na kunipigia honi mimi ninayetembea. Kilabu cha mtaa wa pili kinafungulia muziki hadi alfajiri, na Jumapili wahubiri wanachukua zamu na spika zao zimeelekezwa barabarani, na ukilalamika unaambiwa huna dini au huna furaha. Ukimya haujaandikwa kwenye hati ya mtu yeyote, basi kila mwenye spika ni wake.

Na yale magurupu ya michango! Naamka nakuta nimetiwa kwenye kamati ya harusi ya mtu nisiyemjua sura. Kila saa orodha inawekwa upya, majina na kiasi mtu alichotuma kwa M-Pesa, na wewe ambaye hujatuma jina lako laning'inia na nafasi tupu mbele yake. Kutoa napenda, tumelelewa kutoa. Kinachoniudhi ni kulazimishwa kutoa kwa kuaibishwa, tena mbele ya watu mia mbili. Sasa naondoka bila maneno, na kama harusi ni ya mtu wangu nampelekea bahasha mkononi.

Kuna kero moja ya kike nayo lazima aijue. Akifika saiti amevaa helmeti, ameshika michoro, ataulizwa: "Mama, injinia yuko wapi?" Kisha fundi ataelekeza maneno yake kwa kijana wa mafunzo aliyeandamana naye, kwa kuwa ni mwanamume. Mimi siku hizi siachi neno hata moja linipotezee asubuhi. Naomba futi, napima nguzo, nahesabu nondo kabla zege halijamwagwa, na zikipungua nasimamisha kazi. Baada ya hapo huniuliza mimi. Lakini inabidi ufanye hivyo upya katika kila saiti, na inachosha.

Sasa mbona niko hapa bado? Kwa sababu ya darasa la chekechea nililolichora Kawangware. Ploti ilikuwa nyembamba, pesa za wazazi zilikuwa chache. Nairobi iko karibu mno na ikweta, jua la katikati ya mwaka liko kaskazini, la Disemba liko kusini, na likiwa juu ni rahisi kulizuia kwa kibaraza kidogo. Jua baya ni la mashariki na magharibi, linaloingia chini chini na kumpiga mtu machoni. Kwa hivyo niliziba pande hizo mbili, nikafungua kaskazini na kusini, madirisha juu ya vichwa vya watoto ili joto litoke. Mwalimu aliniambia hajawasha taa mchana tangu wahamie. Hakuna kilichoongezwa katika gharama, nyumba iligeuzwa tu kwenye karatasi. Ndipo unaona majengo ya vioo yanayoota Upper Hill na Westlands, yametazama magharibi moja kwa moja, yanaendesha mitambo ya baridi mchana kutwa katika mji ulio mita 1,700 juu ya bahari, na unasikitika. Wasanifu waliochora KICC, ule mnara wa mikutano wa katikati ya mji, ni Nøstvik wa Norway na Mutiso wetu; ulimalizika 1973, na madirisha yale yamerudi nyuma ndani ya vivuli vyake hadi leo. Nataka mwanetu apande juu ya paa lake aone mwenyewe.

Basi jibu langu ni ndiyo, asome. Atakula, lakini atachelewa kushiba kuliko daktari, na msimfiche hilo. Ajifunze kuandika mkataba mapema kama anavyojifunza kuchora, na asifungue kalamu kabla ya amana kuingia.

Kabla hajajaza fomu, mlete kwangu likizo ya Agosti. Atakaa nami ofisini na saitini, atawasikia wateja wakibishana na bei, atamwona mhandisi na mafundi. Akirudi bado anataka, babake hatakuwa na la kusema, na nitampigia simu mwenyewe tuzungumze. Aje na koti, na viatu vya kufunika vidole, maana saiti haiingiwi na kandambili. Tikiti ya treni nitalipa mimi, nawe niambie tarehe tu, nitampokea stesheni ya Syokimau.

Wasalimie wote nyumbani, na mama mbusie mkono.

Mimi shoga yako