Magodauni ya Jinja yana wakulima tayari

Ndugu Mhariri,

Miaka yote nimesoma gazeti lako bila kuandika neno, lakini ile taarifa yenu ya magodauni ya zamani ya Jinja, mji wetu wa viwanda hapa Uganda, kugeuzwa mashamba ya mjini na kumbi za jamii imenishinda kunyamazia. Mmeandika kana kwamba majengo yale yamekaa matupu tangu Waasia walipofukuzwa mwaka 1972, yakimsubiri mtu mwenye wazo. Si kweli. Sisi wa mtaa wa Walukuba tunajua nani yumo ndani.

Nimekuwa fundi mitambo viwandani mpaka nikastaafu. Umeme wa bwawa la Owen Falls ulipoanza mwaka 1954 viwanda vilifuata, na watu wakafuata viwanda: Wasoga, Waganda, Wajaluo, Waluhya, Waacholi, wakielewana kwa Kiswahili kwenye zamu moja. Mashine zilipozimwa moja baada ya nyingine, aliyebaki bila mshahara alipanda pale alipopata nafasi. Nyuma ya kuta zile kuna dodo (mchicha), sukuma wiki, viazi vitamu na migomba. Hakuna mradi uliovileta.

Mke wangu alikuwa katika kikundi cha akina mama waliokodi chumba kimoja cha godauni kulima uyoga. Chumba kilikuwa na giza na unyevunyevu, ndicho uyoga unachotaka. Walinunua maganda ya mbegu za pamba, wakayaloweka, wakayachemsha kwa mvuke ndani ya pipa tangu asubuhi mpaka jioni, wakayaacha yapoe, wakayajaza kwenye mifuko pamoja na mbegu ya uyoga, kisha wakaitundika kwa kamba mistari mistari. Kodi walilipa kila mwezi mkononi mwa mtu wa mwenye jengo, na kila wakiomba risiti waliambiwa ipo njiani. Asubuhi moja mwaka juzi wakakuta kufuli jipya. Mifuko ilikuwa ndani, imeanza kuchanua. Walimwomba askari awafungulie wavune tu kisha waondoke na kuni zao, akakataa. Walikwenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, naye akauliza mkataba uko wapi. Kupitia ufa wa mlango walikuwa wakiuona uyoga unakomaa, unageuka rangi ya kahawia, mpaka harufu ikatoka nje barabarani. Mtaji ule ulikuwa wa mkopo, na mkopo waliendelea kuulipa. Leo nasoma kwamba majengo hayohayo yatafundisha “jamii” kulima uyoga! Jamii ipi, Mhariri, ikiwa walioujua uyoga walifungiwa nje?

Halafu lile tangazo lililobandikwa getini pa godauni hilo. Lilikuwa la Kiingereza kitupu, ukurasa mzima, limegongwa muhuri. Katika akina mama wale hakuna hata mmoja aliyeweza kulisoma hadi mwisho. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Watoto wetu wafundishwe Kiswahili ili wakasome nini, ikiwa kila karatasi ya serikali na ya matajiri inayomhusu mtu wa Walukuba haina hata mstari mmoja wa Kiswahili wala wa Lusoga? Hili linaniuma karibu sawa na lile kufuli.

Nirudi kwenye magodauni. Taarifa yenu haikugusa udongo wala paa. Shaba ya mgodi wa Kilembe ililetwa kwa treni kutoka Kasese ikayeyushwa hapahapa Jinja. Kwenye yadi za karakana tulikuwa tukimwaga oili chafu, tukivunja betri, tukikwangua rangi za zamani zenye madini ya risasi. Vitu hivyo havifi kwa sababu kiwanda kimefungwa. Mboga za majani huvuta sumu za madini kutoka ardhini kuliko nyanya au mahindi, na mboga za majani ndizo maskini anazopanda kwanza kwa sababu zinaiva haraka. Mapaa mengi ya enzi ile ni ya asbesto. Paa hilo ukiliacha bila kuligusa lina nafuu. Ukilitoboa au kulivunja ili kuingiza mwanga, vumbi lake linakaa mapafuni na saratani yake hujitokeza miaka mingi baadaye. Watakaotumwa kuvunja ni vijana wa mtaani wasiopewa hata barakoa.

Kwa hiyo, kabla utepe haujakatwa, kila yadi ichukuliwe udongo pembe nne na katikati, upelekwe maabara ya utafiti wa kilimo ya Kawanda ukapimwe madini ya risasi, shaba na kadmiamu, na majibu yabandikwe getini kwa Kiswahili na Lusoga, kwa herufi kubwa. Penye sumu watu walime kwenye viroba vya udongo ulioletwa kutoka nje. Asbesto iondolewe na mafundi wenye leseni na vifaa, si na vibarua. Na anayelima pale sasa apewe mkataba wa miaka mitano ulioandikwa, wenye kifungu cha kuvuna kabla ya kufukuzwa, na risiti ya kila shilingi anayolipa. Mkitaka majina ya wanaolima humo, mtumeni mwandishi wenu aje Walukuba siku yoyote. Nitamzungusha mimi mwenyewe.

Fundi mstaafu,
Walukuba, Jinja