Utafiti wa mitaa yetu urudi mitaani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na vyuo vinavyofundisha mipango miji, jiografia na sosholojia hapa Dar es Salaam.

Ninaishi Hananasifu, upande unaoteremkia Bonde la Msimbazi. Masika ya mwaka juzi alinijia binti wa chuo na dodoso lake. Nikamwonyesha alama za maji ukutani. Ya juu kabisa, inayonifika kifuani, ni ya Desemba 2011. Nikampeleka uani akaone karo la choo, nikamweleza bila kumficha kwamba mvua ikikolea wapo wanaotapisha vyoo, yaani kuufungulia uchafu uende na maji ya mvua, kwa sababu gari la kunyonya halipiti kwenye uchochoro wetu. Aliandika kila neno. Akiaga akasema, "Mama, nikimaliza nitakuletea nakala." Mpaka leo sijaiona.

Simlaumu binti yule, kwani chuoni hakuna anayemdai nakala hiyo. Kazi yake ni ya Kiingereza, imesahihishwa, imepata alama, imewekwa. Mjumbe wetu hajaiona, mwenyekiti wa mtaa hajaiona.

Vijana wanasoma jinsi mkoloni alivyoukata mji huu mafungu: Wazungu Oysterbay, Wahindi Uhindini, Waafrika Kariakoo, baadaye Ilala na Magomeni. Ni vizuri walijue hilo. Lakini wakifika kwetu wanaandika "makazi holela", na neno hilo linaniuma. Hapa watu waliuziana mbele ya mashahidi, mjumbe akagonga muhuri. Viwanja vilivyopimwa havikutosha, na vilivyokuwepo havikuwa vya mfuko wetu. Mwanafunzi anayetaka kuielewa tofauti ya kipato jijini aanzie hapo, aulize nani alipimiwa na nani hakupimiwa, na kwa nini.

Tena wasomi kushirikiana na wakazi si jambo geni. Miaka ya 1990 wakazi wa Hananasifu walishika majembe kuchimba mitaro na kutengeneza barabara, wataalamu wa chuo cha ardhi wakiwa nao bega kwa bega. Mwaka 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi walizunguka na wenyeji wa kata zinazofurika wakichora mitaro na njia za maji. Ramani ya namna hiyo hata fundi wa mtaani anaisoma.

Ombi langu ni hili: mwanafunzi anayetafiti mtaa wa watu asihitimu kabla hajapeleka kurasa nne au tano za Kiswahili kwenye ofisi ya serikali ya mtaa huo, aeleze alichokikuta na anachoshauri. Kisha aje kwenye mkutano wa mtaa, asimame, tumuulize maswali. Pengine tutamsahihisha, pengine yeye ndiye atatufumbua macho kuhusu huo mtaro unaoziba kila mwaka.

Aje jioni, watu wakiwa wametoka kazini. Viti tutapanga wenyewe.

Mkazi wa Hananasifu,
Kinondoni, Dar es Salaam