Ada ya kozi ya Godlisten nitatoa, ila nisikilize kwanza

Leeds, Uingereza, Jumapili jioni

Kaka Elibariki,

Shikamoo. Natumaini hapo Machame nyote hamjambo na Mama anaendelea vizuri. Mimi namshukuru Mungu, nipo, kazi inaendelea, na baridi ndiyo hiyo mliyozoea kuisikia. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa zamu ya usiku, asubuhi nikaurudia. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu mtandao ukianza kukatika tunaishia kuulizana "unanisikia?", na hili la leo nataka likufikie lote.

Umesema Godlisten anataka laki nne na nusu ya kozi ya Kiingereza hapo Moshi mjini, ili msimu wa Juni ukianza aache kubeba mizigo, apande mlima kama msaidizi wa mwongoza watalii. Pesa ipo, nitatoa. Habari ya mabati ya mwaka jana nimeshaimeza, siirudii. Ila pesa hii ina sharti. Kabla hajalipa, aende amuulize mwalimu wa hiyo kozi kama anafundisha mkazo wa maneno, yaani ni silabi gani ikazwe katika kila neno. Akijibiwa kwamba wanafundisha tenses, zile nyakati za vitenzi, arudi nyumbani na pesa yake. Tenses anazo. Sarufi ya Kiingereza hata mimi na wewe tulifundishwa, tena kwa fimbo, na ninakuhakikishia haijawahi kuniangusha huku. Kilichoniangusha ni kitu ambacho hakuna mwalimu aliyewahi kukitaja ubaoni.

Kiswahili chetu kimenyooka. Mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho. Unasema PIga, ukiongeza kidogo inakuwa piGAna, ukiongeza tena pigaNIsha, mkazo unasogea wenyewe bila mtu kuwaza. Maneno yanayokataa ni machache, kama lile la barabara ambalo kila mwalimu wa Kiswahili alilitumia kutufundishia shadda. Sasa sisi tukikutana na neno la Kiingereza tunalikaza palepale tulipozoea. Tunasema kaLENda, kaRAKta, miNIsta. Wenyewe wanasema CALendar, CHARacter, MINister, yote mkazo mwanzoni. Mara nyingine tunapatia kwa bahati: volcano, banana, Tanzania, hata Kilimanjaro, hayo nao wanayakaza tunapokaza sisi. Lakini bahati si ya kuiwekea ada.

Ule mwaka wa nyumba ya wazee sitausimulia, ulipita. Nitakuambia siku moja tu. Bibi mmoja niliyekuwa namhudumia, mpira wake wa mkojo uliziba usiku. Nikapiga simu kwa muuguzi wa zamu aje auangalie. Nikasema kaTHIta. Akasema, samahani? Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, kaTHIta. Kimya. Msimamizi wangu, binti mdogo kwangu kwa umri, akaichukua simu mkononi mwangu, akasema CAtheter, mkazo mwanzo kabisa, sehemu iliyobaki akaimeza. Upande wa pili wakaelewa hapohapo. Akanirudishia simu bila kuniangalia usoni.

Kaka, mimi nimesomea uuguzi. Mipira hiyo nimeiweka kwa mikono yangu nikiwa mafunzoni, huyo binti akiwa bado shule. Neno nililijua, maana yake naijua kuliko yeye, na sentensi yangu haikuwa na kosa hata moja. Lakini tangu siku ile kila simu ikilia mtu alinitangulia kuipokea, na nikajua wameshaamua moyoni mwao kwamba mimi sijui kazi. Hilo liliniuma kuliko baridi, na bado linaniuma ninapoandika.

Aliyenifungua macho wala si Mwingereza. Ni mama mmoja wa Poland aliyekuwa mpishi pale. Alikuwa amesikia yote. Akaniambia lugha ya kwao nayo inakaza silabi ya pili kutoka mwisho, sawasawa na yetu, na yeye alihangaika vilevile. Akatoa kamusi yake iliyochakaa, akanionyesha kialama kidogo kilichosimama wima, kinachowekwa juu kabla tu ya silabi yenye mkazo. Kamusi za namna hiyo tulikuwa nazo shuleni! Tulikuwa tunatafuta maana, tukiipata tunafunga. Kisha akavua raba bendi kwenye fungu la vitunguu, akaniambia niishike kwa vidole gumba viwili. Silabi yenye mkazo unavuta, nyingine unalegeza. Nikavuta kwenye CA, nikalegeza kwenye the-ter. Raba bendi ile nilitembea nayo mfukoni mwa koti miezi na miezi, nikiivuta ndani ya basi na kwenye foleni ya dukani, midomo inacheza bila sauti. Godlisten naye atafute ya kwake, zile za kufungia noti.

Amuelewe shangazi yake hapa: kukaza ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kumeza. Sisi kila irabu tunaipa haki yake. Wao silabi yenye mkazo inakuwa ndefu, wazi, na sauti inapanda kidogo. Za pembeni zinafifia, irabu zake nyingi zinageuka mlio mmoja hafifu ambao wataalamu wanauita schwa. Comfortable sisi tunaitamka silabi nne zilizonyooka, kwao ni KAMF, halafu tabo, basi. Photograph inakazwa mwanzo. Ikiwa photography mkazo unahamia kwenye TO, na ile o ya kwanza iliyokuwa nene inakuwa si lolote. Ikiwa photographic unahamia tena kwenye GRAPH. Na mkazo huo ndio sikio la Mwingereza linaoushika kwanza, ndio anaotumia kulitafuta neno kichwani mwake. Ukikaza pasipo pake umebisha hodi nyumba ya jirani. Wenyeji wapo, ila hawakusikii.

Hakuna kanuni moja, na sababu ipo. Maneno ya asili ya Kiingereza hupenda mkazo mwanzoni. Halafu Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066 maneno ya Kifaransa yakaingia kwa wingi, na baadaye wasomi wakaongeza ya Kilatini na Kigiriki, kila kundi na mazoea yake. Lakini zipo tabia, na tabia hizo mwalimu yeyote mwenye akili anaweza kuzifundisha. Neno likiishia na -tion, -ic au -ity, mara nyingi mkazo unakaa silabi inayotangulia kiishio hicho: inFECtion, alLERgic, aBILity. Majina mengi ya silabi mbili yanakazwa mwanzo na vitenzi vingi mwisho, hata kama herufi ni zilezile. Kile kibali cha hifadhi ambacho Godlisten anakiona getini kila safari ni PERmit, kumruhusu mtu ni perMIT. Maneno mawili yakiungana kuwa jina la kitu kimoja, kwa kawaida linakazwa la kwanza: SLEEPing bag, HEADache, yaani maumivu ya kichwa. Hilo la mwisho alijue vizuri, maana mgeni akilitamka kule juu si neno la kupuuza.

Mlima wenyewe una mitego yake. Akivuka na wageni kutoka kambi ya Horombo kwenda ya Kibo, pale penye mawe na vumbi, aseme wanapita kwenye DEsert, yaani jangwa. Akikaza mwisho, deSSERT, amewatangazia kitu kitamu baada ya chakula. Altitude inakazwa mwanzo. Summit mwanzo. Oxygen mwanzo. Hotel inakazwa mwisho, nasi tunaikaza mwanzo tangu utoto. Na zile namba ndizo ninazomwombea sana: fifteen mkazo uko mwisho, fifty uko mwanzo. Tena ukisema fifteen minutes, mkazo wa fifteen unaweza kurudi mwanzo, na hapo mtu anasikia hamsini. Sisi wodini kwenye dawa tunataja tarakimu moja moja, moja tano au tano sifuri, kwa sababu kipimo kikikosewa ni maisha ya mtu. Na yeye afanye hivyo anapomwambia mgeni bado dakika ngapi kufika kambini.

Asihangaike na pale ambapo Waingereza na Wamarekani wenyewe wanatofautiana. Maabara huku ni laBORatory, Marekani ni LABoratory. Achague moja, wote watamwelewa.

Sasa kaka, nakuja kwenye lile ambalo hatujawahi kulizungumza. Krismasi ile niliyokuja nyumbani, nikapokea simu ya kazini pale uani, nikaongea na watu wangu wa wodini dakika chache. Niliporudi kukaa, wifi akasema mbele ya wageni wote kwamba Mkunde siku hizi anaongelea puani, anajifanya Mzungu. Watu wakacheka. Wewe ukanyamaza, ukaendelea kukata ndafu. Nilitegemea useme neno moja tu. Wewe ndiye uliyeuza ng'ombe nikasome chuo, unajua nilikotoka, na kunyamaza kwako kulinikaa rohoni hadi leo.

Kukaza neno mahali pake si kubana pua. Lafudhi yangu sijaibadilisha na sina mpango. R yangu ni ya Machame, wagonjwa wananiuliza natoka wapi, nasema chini ya Kilimanjaro, na maongezi yanaanzia hapo. Mkazo ni kitu kingine. Ni sehemu ya neno, sawa na herufi zake. Sitaki Godlisten aogope kuchekwa nyumbani, kisha akaenda kukaza vibaya mbele ya wageni ili asionekane anajidai. Mlinde mtoto katika hilo, kaka. Akianza kufanya mazoezi pale sebuleni, asiwepo wa kumcheka.

Na hili mwambie Mama kwa sauti, majirani wakiwepo ni sawa pia. Ule mtihani wa OET, wa Kiingereza cha watu wa afya, nilipata B kuongea, kusikiliza na kusoma. Hata kuandika nilipata B, ambako baraza la wauguzi la huku wanakubali C+. Leo usiku daktari akipigiwa simu wodini kwetu ni mimi ninayeongea, naye anaandika ninachosema bila kuniuliza mara ya pili. Mwezi uliopita mkuu wa wodi ameniomba niwe nakaa na wauguzi wapya wanaotoka Ufilipino, India na Nigeria, niwazoeze majina ya dawa na vifaa. Binti wa marehemu Baba, wa pale pale kihambani, anawafundisha watu kutamka Kiingereza ndani ya Uingereza. Natamani angekuwepo asikie.

Wiki hii nimetamani mtori hadi nikanunua ndizi kwenye duka la Wahindi, hazikuwa zenyewe. Nilikula hivyohivyo. Jioni zingine natamani tu kusikia watu wengi wakiongea kwa mpigo, kila mtu na neno lake, bila mimi kusikiliza mkazo uko wapi.

Basi tufanye hivi. Pesa nitatuma Ijumaa kwenye simu ya Mama, Godlisten aichukue mwenyewe akishapata jibu la huyo mwalimu. Asipopata kozi inayofundisha mkazo, anunue kamusi nzuri yenye kile kialama, pesa nyingine aweke bando la intaneti asikilize kamusi za kwenye simu, zina kitufe cha kutamka neno. Kila Jumapili jioni anirekodie maneno ya kazi yake ya mlimani, nami nitamrudishia siku hiyohiyo nikimkosoa. Nikiwa zamu nitamrudishia Jumatatu. Asione haya kunirudia, shangazi yake hachoki.

Kliniki ya Mama ni Alhamisi. Pesa ya dawa za presha inakuja peke yake, usiichanganye na hii. Akirudi tu nipigie, hata kama ni usiku wa huku.

Wasalimie wote wa kwa Baba mdogo. Wifi naye msalimie. Kama anataka tuongee habari ya ile Krismasi, namba yangu anayo.

Mdogo wako,
Mkunde