Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya Mambo ya Kale, Zanzibar: Nyumba ya Tippu Tip isimulie yote

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum. Nakuandikia kuhusu nyumba moja tu kati ya majumba ya Mji Mkongwe: ile ya Shangani, jirani na Africa House, ambayo kila mtembeza wageni anaijua kwa jina la mwenyewe, Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu na watumwa wa karne ya 19. Ninasomesha historia katika skuli ya sekondari hapa Unguja, na ombi langu halihitaji fedha nyingi. Naomba Serikali iweke sharti la maandishi litakaloifuata nyumba hiyo mikononi mwa yeyote atakayeishika, iwe itabaki makazi, iwe makumbusho, iwe hoteli: kwamba mahali pa wazi, kwa Kiswahili, ielezwe mali ya bwana huyu ilitoka wapi na ilibebwa na nani.

Hamed bin Muhammed el Murjebi, ndiye huyo Tippu Tip, alizaliwa Unguja katika miaka ya 1830, katika ukoo wa Kiarabu uliokwisha kuchanganya damu na watu wa Mrima, yaani pwani ya bara, kwa upande wa Mbwamaji, kusini mwa Dar es Salaam ya leo. Baba yake, Muhammed bin Juma, alifanya makao Unyanyembe, Tabora, akamuoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Kijana mwenyewe, kwa maelezo yake, alianza safari ndogo za biashara ya sandarusi akiwa na miaka 12. Mwaka 1867 alikuwa Itabwa, kusini-magharibi ya ziwa Tanganyika, akampiga Nsama, mtawala wa huko, na kuchukua pembe zake za ndovu, na baadaye akasonga mpaka Maniema, mashariki ya Kongo, akaweka makao Kasongo. Mtaji alikopeshwa na Tharia Topan, tajiri wa Kihindi wa hapa mjini. Wasafiri wa Kizungu Livingstone, Cameron na Stanley wote walipita kwenye mikono yake wakitaka msaada. Mwaka 1887 Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kupitia kwa Stanley, alimfanya wali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo. Miaka michache baadaye alirudi nyumbani moja kwa moja. Mwanawe Sefu, aliyebaki Kongo, alifariki mwaka 1893 katika vita na Wabelgiji, na mzee mwenyewe alifia humu mjini Juni 1905.

Haya ndiyo wageni wanayosimuliwa pale mlangoni, na si uongo. Wanaambiwa pia kuhusu mlango wa nakshi na ngazi za marumaru nyeusi na nyeupe, kisha wanapiga picha na kwenda zao. Ninapowapeleka wanafunzi wangu pale huwaomba wakae kwanza kwenye baraza iliyo karibu, nikawapa hesabu. Frasila moja ya pembe ni takriban kilo 16. Kutoka Kasongo mpaka Bagamoyo, hata ukipima kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 1,300, na njia ya miguu haijawahi kunyooka: kuna mito, kuna ziwa Tanganyika la kuvuka, kuna nyika ya Ugogo isiyo na maji ya kutosha. Mwaka jana mwanafunzi mmoja wa kike alishuka kwenye baraza, akaenda kupapasa ile ngazi, akauliza, "Mwalimu, hawa waliobeba wameandikwa wapi?" Niliwaonesha ukuta. Hakukuwa na kitu.

Kuandikwa, Mheshimiwa, bwana mwenyewe ameandikwa vizuri. Tena alijiandika. Katika miaka yake ya mwisho hapa Unguja aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akayageuza kwa herufi za Kirumi yakachapwa Ujerumani mwanzoni mwa karne iliyopita. Ni hazina kubwa ya lugha yetu, na inanisikitisha kwamba wanafunzi wengi wanamaliza kidato cha sita hawajasoma hata ukurasa wake mmoja. Ukisoma utakuta anahesabu frasila, anataja nani alimdai na nani alimdanganya, anaeleza vita vyake bila kujificha. Waliobeba mizigo wanapita humo kwa makundi. Wenye majina ni matajiri, machifu na Wazungu.

Sitaki tuseme lisilokuwepo. Si kila aliyebeba pembe alikuwa mtumwa. Wanyamwezi wengi walikuwa wapagazi wa ujira, watu wenye sifa ya kazi hiyo, waliojua kudai malipo yao na kutupa mzigo wakidhulumiwa. Hao nao wanastahili kutajwa, maana bila miguu yao Tabora isingejulikana na Bagamoyo isingekuwa mji. Lakini wapo waliokamatwa vitani, wakatenganishwa na watoto wao, na wapo waliofikishwa kisiwani wakalimishwa karafuu. Inasemekana kufikia mwaka 1895 Tippu Tip alikuwa na mashamba saba na watumwa wapatao 10,000. Sheria ya kuondoa utumwa Unguja ilikuja mwaka 1897, naye yungali hai.

Najua jibu litakuwa kwamba habari za utumwa zina mahali pake, Mkunazini. Ni kweli, soko lilifungwa mwaka 1873, kanisa likajengwa juu yake, na sanamu za watu waliofungwa minyororo zipo pale. Lakini kwa mpango huu tumeigawa historia mafungu mawili. Anayetaka kuwaona waliouzwa aende Mkunazini, na anayetaka kuiona mali aende Shangani kutazama nakshi. Mwendo kati ya mahali hapo pawili ni wa dakika chache kwa miguu, na mtu anaweza kuumaliza bila kuambiwa popote kwamba ni habari moja.

Chukua Swema. Alikuwa mtoto wa Kiyao aliyeletwa Unguja katika miaka ya 1860, amedhoofika kiasi kwamba alionekana hatopona, akafukiwa mchangani yungali hai. Aliokolewa, akapelekwa misheni ya Wafaransa hapa hapa mjini, na maneno yake yakaandikwa. Hakuwa katika msafara wa Tippu Tip, na sitaki abebeshwe jina hilo. Ila alipita katika mji huu huu, katika zama hizo hizo, na ni mmoja kati ya wachache waliopata kusema wenyewe. Maneno yake yakiwekwa ndani ya nyumba ile, karibu na maneno ya Hamed bin Muhammed, mtoto wa skuli atawasikia wawili waliokanyaga mji mmoja.

Kuna wazee ninaowaheshimu ambao wananiambia niache, kwamba nitawachoma watu wa ukoo wa Murjebi walio hai, au nitarudia nyimbo za wakoloni. Hoja ya pili ina uzito. Wabelgiji walilitumia jina la vita dhidi ya Waarabu wauza watumwa kuiteka Kongo ya mashariki, kisha utawala wa Leopold ukawakata watu mikono kwa ajili ya mpira. Basi na hilo liandikwe kwenye ukuta huo huo, pamoja na ule mkataba wa 1887 unaoonesha kwamba mfalme yule yule alimwajiri Tippu Tip alipomhitaji. Ama watu wa ukoo, hawana hatia ya babu yao. Waitwe, waulizwe, watoe wanachokijua na wanachokihifadhi. Waitwe na watu wa Maniema, ambao mpaka leo wanazungumza Kiswahili kilichofika kwao na misafara hiyo, na ambao hatujawahi kuwauliza wanaikumbukaje.

Jengo lenyewe nalo lisisahaulike. Baada ya Mapinduzi ya 1964 lilikaliwa na familia nyingi za watu wa kawaida, na kwa miongo kadhaa tumeliona likichakaa. Kuta za mawe ya matumbawe zinataka chokaa. Ukizipaka saruji, unyevu unabaki ndani, boriti za mikoko zinaoza kwenye ncha zilizoingia ukutani, na dari inashuka. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kale la masultani, iliporomoka wakati wa matengenezo na watu wawili wakapoteza maisha, kwa hiyo hakuna wa kuniambia naogopesha. Na familia zilizolea watoto wao ndani ya nyumba ile zihesabiwe kuwa sehemu ya historia yake. Mtu yeyote anayepangiwa kuhama katika majumba haya aelezwe mapema, kwa maandishi, ahamie wapi na kwa masharti gani.

Naomba, Mheshimiwa, uitishe kikao cha wazi kabla uamuzi wowote juu ya nyumba hii haujatiwa saini, kiwe na walimu, mafundi wa chokaa, watembeza wageni, wakaazi wa Shangani na watu wa ukoo. Maandishi ya ukutani tuko tayari kuyaandika bila malipo, na wanafunzi wangu wameshaanza rasimu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa historia, Unguja