Dashibodi ya chuo ituambie na walioishia njiani

Ndugu Mhariri,

Ile habari yenu ya chuo kuzindua dashibodi ya takwimu, yaani ukurasa wa kompyuta unaoonyesha hesabu za chuo kwa michoro, yenye picha ya wakubwa wakipiga makofi mbele ya skrini, niliisoma hadi mwisho nikitafuta kama kuna mwandishi wenu aliyeuliza swali. Sikuona. Gazeti hili nalisoma tangu ujana wangu bila kuwaandikia hata mstari, ila hili limenishinda.

Mpwa wangu kamaliza kidato cha sita na ada inanitazama mimi. Nikaenda naye kwenye chuo kimoja hapa Tanga. Mapokezi wametundika skrini ya dashibodi yao, ndani yake duara lililojaa kijani, limeandikwa "Kiwango cha Kuhitimu". Nikamuuliza kijana wa udahili: hii ni asilimia ya watu gani? Akanijibu kwa adabu, "Mzee wangu, ni ya waliosajiliwa mwaka wa mwisho." Je, waliodisko, yaani walioondolewa kwa kufeli, mwaka wa kwanza? Walioahirisha kwa kukosa ada wasirudi tena? Waliozuiwa mlangoni mwa chumba cha mtihani kwa sababu ya deni? "Hao hawamo humu, mzee." Hawamo! Mimi nilikuwa karani wa ghala la mkonge. Ningempelekea meneja hesabu ya marobota yaliyofika bandarini bila kuonyesha yaliyotoka shambani, ningefukuzwa siku hiyohiyo. Shahada ya miaka mitatu, aliyeingia 2021 alitakiwa kumaliza 2024. Basi wachukue wote walioingia 2021, wawafuate haohao hadi 2024, na wenye sapu zao, yaani mitihani ya marudio, hadi 2025, watuambie wamebaki wangapi na wengine wamekwenda wapi. Hiyo ndiyo hesabu mzazi anayoitaka kabla hajauza kiwanja. Pembeni ya duara kuna nguzo za udahili zinazopanda kama vile chuo kinataka kugusa mawingu, kumbe mhimili wake hauanzii sifuri! Uanzishe sifuri uone zinavyolingana kimo.

Mtasema na wenzetu wanakosea. Ndiyo. Serikali ya Obama kule Marekani ilipotoa College Scorecard mpya, tovuti ya kulinganisha vyuo, mwaka 2015, ililaumiwa kwa sababu kiwango cha kuhitimu kilihesabu tu walioanza chuo kwa mara ya kwanza tena wanaosoma kwa muda wote, na aliyehamia chuo kingine akaonekana hakumaliza. Lakini angalau walianza kuwahesabu watu tangu siku ya kuingia, na waliandika wanamhesabu nani.

Nyumbani nikajaribu kuifungua dashibodi ya chuo hicho cha Tanga kwa simu. Duara limepanda juu ya nguzo, maelezo ya rangi yamekatika, na kabla sijaelewa chochote bando likaisha. Nikaenda steshenari, kijana akataka hela ya kufungua na hela nyingine ya kuprinti. Hao nao! Ndio wanaowajazia watoto wetu maombi ya mkopo huku wakichati, herufi moja ya jina inaruka, fomu haifanani na cheti cha kuzaliwa, na kurekebisha kosa lao unalipa upya. Wanaopita kukagua leseni wawalazimishe kubandika bei ukutani, na kosa la mchapaji lisahihishwe bure.

Nirudi kwenye chuo. Skrini waizime, umeme wenyewe ghali. Wasimamishe ubao mweusi pale soko la Ngamiani, upande wa kivuli, wachore mistari minne kwa kila kozi: walioingia, waliofika mwaka wa pili, waliomaliza, walioacha na sababu yake. Jumamosi asubuhi afisa takwimu asimame hapo mpaka adhuhuri, aulizwe na wauza samaki wenye watoto chuoni. Kivuli kikihama, ahame nacho. Mwandishi wenu naye aje, safari hii na kalamu.

Karani mstaafu,
Ngamiani, Tanga